Kerneli 6.7 imekuja na bcachefs: nihamishie picha za familia huko au nisubiri?

Mtunza_Picha, 14 Januari 2024

Heshima kwenu wakuu.

Tarehe 7 mwezi huu kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 6.7 imetoka rasmi, na ndani yake mna bcachefs, mfumo mpya wa faili, yaani namna ya kupanga mafaili diskini, ambao nimeufuatilia kwa muda mrefu. Nikisoma sifa zake naona kama umetengenezwa kwa ajili yangu: data ina cheksamu (alama ya hesabu inayoonyesha data ikibadilika), mabadiliko hayaandikwi juu ya data ya zamani, snapshoti (nakala za hali ya mafaili ya wakati fulani) zipo, kubana data kupo, usimbaji upo, na SSD na diski za kawaida zinaweza kuunganishwa zikafanya kazi kama kitu kimoja. Swali langu ni fupi, ila naomba kwanza nieleze kilichonileta.

Nina kompyuta niliyoigeuza seva ya nyumbani. Ina RAM ya gigabaiti 8, vipande viwili vya 4. Diski ni mbili za terabaiti 4, zimeunganishwa kwa programu ya mdadm, RAID 1, yaani kila kitu huandikwa kwenye zote mbili, na juu yake ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux. Humo mna kila kitu cha familia: picha nilizoskani kutoka albamu za mama, sauti ya babu akisimulia utoto wake, video za wanangu wakijifunza kutembea. Muda wote huu nimelala usingizi mzuri nikijua kila faili liko kwenye diski mbili.

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu akaniomba picha ya bibi, ile amekaa kwenye kiti cha kukunja amempakata mama akiwa mchanga. Nikaifungua. Uso wa bibi uko sawa, mabega yako sawa, lakini kuanzia pale mikono yake inapomshika mtoto kwenda chini, picha yote imegeuka zambarau na kusogea kushoto, kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi ikabandikwa upya bila kulinganishwa. Mama haonekani kabisa.

Kwa bahati ninayo diski ya zamani niliyoichomoa 2019 nilipoweka hizi za terabaiti 4, na humo picha ni nzima. Ukubwa wa faili ni uleule, tarehe ni ileile, sha256sum (alama ya hesabu ya yaliyomo) ni tofauti. Nikalinganisha mafaili yote yaliyomo kwenye diski hiyo ya zamani na yale ya kwenye seva. Ni mafaili 9,412. Manne yameharibika. Haya hapa matokeo ya cmp -l, amri inayoorodhesha baiti zinazotofautiana. Safu ya kwanza ni nafasi ya baiti, ya kati ni thamani yake kwenye seva, ya mwisho ni ya diski ya zamani:

```
1485501 114 115
211645 62 63
4946621 330 331
2820797 6 7
```

Baiti moja tu kwa kila faili. Nimewasha mashine upya nikarudia, majibu ni yaleyale. SMART, ripoti ya afya ya diski, ni safi kwa zote mbili. Nimeendesha ukaguzi wa mdadm mpaka mwisho, mismatch_cnt (idadi ya tofauti kati ya diski mbili) ni 0.

Kwa hiyo ext4 imeniozea picha kimyakimya na haikusema neno. Je, nihamie bcachefs sasa, au nisubiri matoleo mawili matatu?

---

Nyuki_Mweusi, 14 Januari 2024

Mkuu, hamia. Mimi nimekuwa nikijijengea kerneli yenye bcachefs mwenyewe tangu kabla haijapokelewa, na haijawahi kunipotezea faili hata moja. Kent Overstreet, aliyeiandika, alianza na bcache, ya kutumia SSD kuharakisha diski kubwa, ambayo iko ndani ya kerneli tangu 3.10 ya mwaka 2013, kwa hiyo si mtu aliyeamka jana. Raha yake utaiona ukiipa SSD moja na diski kubwa mbili: unaiambia maandishi mapya yaanzie kwenye SSD, yenyewe inayashusha taratibu kwenye diski kubwa, na kile unachokisoma mara kwa mara inakipandisha tena. Huhitaji LVM wala mdadm za kuunganisha diski. Ext4 haina cheksamu za data, ina za metadata (taarifa kuhusu mafaili) tu, ndiyo maana ilikaa kimya.

---

Kitasa, 15 Januari 2024

Mtunza_Picha, pole kwa picha ya bibi. Nimetunza seva za hifadhi kwa miaka mingi, na ulichofanya cha kulinganisha mafaili 9,412 kisha kutuwekea matokeo ghafi, watu wachache sana hukifanya. Kabla sijagusa bcachefs nataka turudi kwenye mistari yako minne, maana jibu lako limo humo, na nadhani si lile unalolitarajia.

Tazama safu mbili za mwisho. cmp huandika thamani za baiti kwa namba za msingi wa nane. 114 badala ya 115. 62 badala ya 63. 330 badala ya 331. 6 badala ya 7. Kila mara upande wa seva umepungua moja. Hiyo ni biti ileile, ya mwisho kabisa kwenye baiti, iliyopaswa kuwa 1 ikawa 0. Mara nne kati ya nne. Uozo wa diski hauna sababu ya kuipenda biti moja namna hiyo.

Sasa chukua safu ya kwanza. Toa 1 kwenye kila namba, kwa kuwa cmp huanza kuhesabu kwenye 1 na si 0, kisha gawanya kwa 4,096 utazame kinachobaki.

```
1485500 = 362 × 4096 + 2748
211644 = 51 × 4096 + 2748
4946620 = 1207 × 4096 + 2748
2820796 = 688 × 4096 + 2748
```

Jana usiku nilipomaliza mstari wa nne niliweka kalamu chini. Zote nne zinabakiza 2,748.

Baiti 4,096 ndio ukubwa wa ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Ukisoma au kuandika faili, kerneli hulikata vipande vya ukubwa huo na kuviweka kwenye kurasa za RAM vikisubiri safari ya kwenda diskini. RAM yako ya gigabaiti 8 ina kurasa zaidi ya milioni mbili. Ikiwa katika ukurasa mmoja tu kati ya hizo, kwenye nafasi ya 2,748, kuna biti iliyokwama kwenye 0, basi kipande chochote cha faili kitakachopangiwa ukurasa huo, na ambacho biti yake pale ilikuwa 1, kitatoka kimeharibika hivyohivyo unavyoona. Mafaili mengine yote yatapita salama. Ndiyo maana ni manne tu kati ya elfu tisa, na ndiyo maana mashine haikuanguka miaka yote hii.

Ushahidi wa mwisho umeuleta mwenyewe: mismatch_cnt ni 0. Diski zako mbili zimekubaliana. Zote mbili zina baiti ileile mbovu mahali palepale. Diski mbili haziwezi kuoza kwa kufanana hivyo. Zilipewa kitu kibovu na zote zikakiandika kwa uaminifu. Tena diski ina utaratibu wake wa kusahihisha makosa ndani ya kila sekta. Ikishindwa, mara nyingi hukurudishia kosa la kusoma kwa sekta nzima, haikukabidhi sekta yenye biti moja iliyopinduka.

Kwa hiyo ext4 haikuozesha picha yako. Na hili nalisema taratibu kwa sababu linauma: bcachefs isingeiokoa. Wala Btrfs, wala ZFS, mifumo mingine ya faili yenye cheksamu. Cheksamu hukokotolewa kutokana na kile kilichomo kwenye RAM wakati data inaelekea diskini. Picha ya bibi ilikuwa imeshaharibika kabla ya hapo. Mfumo wa faili ungepiga hesabu ya cheksamu juu ya baiti mbovu, ukaitia muhuri, na kila ukaguzi ungekuambia faili ni zima.

Fanya hivi kwa mpangilio huu. Zima seva leo. Usinakili chochote kwa mashine hiyo, hata bekapu, maana kila unachonakili kinapita kwenye RAM ileile. Diski ya zamani iweke mbali kabisa, sasa hivi ndiyo mali yako ya thamani kuliko zote. Kisha washa memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi uiache usiku kucha, mizunguko minne au zaidi, usikate tamaa mzunguko wa kwanza ukipita safi.

Na nikuulize: 2019 ulipoweka diski hizi, ulibadilisha kitu kingine chochote?

---

Dada_Terminali, 15 Januari 2024

Kitasa, nimeirudia hesabu hiyo mara mbili kwa mkono. Asante sana. Sikuwahi kufikiria kutazama kinachobaki.

Ila nina swali juu yake. Kama RAM mbovu inazipita cheksamu zote, mifumo hii mipya ya faili inatusaidia nini hasa? Mimi natumia FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, na ZFS kwenye mashine yangu na nimekuwa nikiwahubiria watu cheksamu kama dawa ya kila kitu. ZFS iko kwenye FreeBSD tangu toleo la 7.0 la 2008, na kabla ya hapo ilianzia kampuni ya Sun kwenye mfumo wake wa Solaris. Umri upo. Nataka nijue nilichokuwa nikikihubiri.

---

Mtunza_Picha, 17 Januari 2024

Kitasa, sijui nianzie wapi.

Memtest imekaa saa kumi na moja. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili, anwani moja, nyekundu. Wa tatu, anwani ileile. Nimeipiga picha kwa simu ili nisije nikadhani nimeota. Ilichotarajia na ilichopata vinatofautiana kwa biti moja. Nimechomoa kipande kimoja cha RAM nikarudia usiku wa pili na kile kilichobaki: mizunguko sita safi. Nimekirudisha kile cha kwanza peke yake: nyekundu ndani ya saa nne.

Na ndiyo, nilibadilisha kitu 2019. Mashine ilikuwa na gigabaiti 4. Siku ileile niliyoweka diski mpya niliongeza kipande cha pili cha RAM kilichowahi kutumika kwenye mashine nyingine, nikaiwasha, nikaona gigabaiti 8, nikafurahi, na saa hiyohiyo nikaanza kunakili maisha yetu yote kupitia humo. Picha ya bibi imepita hapo.

Mafaili manne nimeyarudisha kutoka diski ya zamani. Mama ameonekana tena mikononi mwa bibi. Lakini yale yaliyoingia baada ya 2019 sina cha kulinganisha nayo. Video za mtoto wa pili zote zimo humo. Kuna namna ya kuyajua?

---

Kitasa, 17 Januari 2024

Nimefurahi kwa ajili ya mama yako kuliko nilivyoweza kuandika hapa.

Yale ya baada ya 2019: kama chanzo kipo popote, simu ya zamani, kadi ya kamera, nakala uliyomtumia ndugu kabla ya kuiweka kwenye seva, linganisha. Kama hakipo, huwezi kujua kwa uhakika. Unachoweza ni kukagua ubora wa muundo: mafaili ya JPEG yapitishe kwenye jpeginfo -c, video zifungue zote kwa ffmpeg uiambie ionyeshe makosa tu, bila kuandika faili jipya. Biti iliyopinduka katikati ya picha mara nyingi huvunja mfuatano wa kubana na programu hulalamika. Isipolalamika, huenda ni nukta moja yenye rangi tofauti kidogo, na hiyo hata jicho halitaiona. Kwa kiwango ulichonacho, manne kwa elfu tisa, sitegemei mengi.

Dada_Terminali, endelea kuhubiri, ila hubiri na mpaka wake. Cheksamu zinalinda data kuanzia inapoondoka kwenye RAM. Na kati ya hapo na siku utakayoisoma tena yapo mengi. Kebo iliyolegea. Kidhibiti cha diski kinachosema kimeandika na hakijaandika. Diski inayoandika sehemu sahihi ya data mahali pasipo pake. Kwenye mdadm RAID 1, nakala mbili zikitofautiana, mdadm inajua kwamba zinatofautiana tu. Haijui ipi ni ya kweli. Ukiiamuru irekebishe, itachukua mojawapo na kuinakili juu ya nyingine, na inaweza kuwa ile mbovu. ZFS, Btrfs na bcachefs zina cheksamu iliyohifadhiwa kando na data yenyewe, kwa hiyo zinajua nakala ipi ni nzima, zinakupa hiyo, na zinaiponya nyingine. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na kwangu inatosha kabisa kumtoa mtu kwenye ext4 kwa picha za familia.

Ukiweza kupata ubao unaokubali RAM ya ECC, inayosahihisha yenyewe biti iliyopinduka, pata. Usipoweza, memtest kila unapogusa RAM.

Sasa swali la awali la Mtunza_Picha, nihamie bcachefs au la.

Nyuki_Mweusi, sibishani na uliyoyaona. Usanifu wake ni mzuri, na ningependa siku moja uwe wa kawaida. Lakini umeandikwa wazi kwamba ni wa majaribio, na neno hilo kwenye mfumo wa faili si heshima tu. Btrfs iliingia kerneli 2.6.29 Machi 2009, na Fedora Workstation iliifanya chaguo la kawaida kwenye toleo la 33, Oktoba 2020. Ni miaka kumi na moja. Na RAID 5 na 6 zake, aina nyingine za kusambaza data kwenye diski nyingi, hadi leo nyaraka zake zenyewe zinakuonya usizitumie kwa data halisi.

Hata wakongwe hujikwaa. Novemba iliyopita OpenZFS ilikutwa na hitilafu iliyofanya faili lililonakiliwa litoke na mapengo ya sifuri. Kila mtu akalaumu kipengele kipya cha toleo la 2.2, kumbe mzizi ulikuwa wa zamani zaidi, na marekebisho yakatolewa kwenye 2.2.2 na pia 2.1.14. Wiki chache baadaye, Desemba, ext4 hiihii tunayoiona mzee mtulivu ikaharibu data kwenye kerneli 6.1.64 kwa sababu ya rekebisho lililopelekwa kwenye kerneli hiyo ya zamani bila mwenzake, na Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikasitisha 12.3 ikatoa 12.4. Tofauti ni kwamba mifumo hiyo ina watu wengi wanaoitumia, kwa hiyo kosa likijitokeza linatangazwa haraka, na kuna njia ya kurudi iliyokanyagwa na wengi kabla yako. Mfumo mpya hauna hizo nyayo bado. Kosa lako linaweza kuwa la kwanza duniani.

Kwa hiyo ningefanya hivi. Picha za familia, Btrfs kwa nakala mbili:

```
mkfs.btrfs -m raid1 -d raid1 /dev/sdb /dev/sdc
```

Au ZFS mirror (nakala mbili) kama huoni tabu kwamba moduli yake, kipande kinachoongezwa kwenye kerneli, iko nje ya kerneli kwa sababu ya leseni. Kabla ya kufuta chochote, toa nakala kamili kwenye diski ya tatu, andika orodha ya sha256sum, na baada ya kurudisha uikague yote. Jifunze mapema kwamba Btrfs ikikosa diski moja haitapanda (haitafunguka) mpaka uiambie -o degraded. Ni vizuri kulijua hilo mchana ukiwa na utulivu kuliko siku diski imekufa. Panga btrfs scrub, ukaguzi wa cheksamu zote, kila mwezi na usome matokeo yake. Na bekapu iwe kwenye mashine nyingine, kisha mara mbili kwa mwaka irudishe kweli, faili kwa faili. Niliwahi kutunza mahojiano ya sauti ya miezi kumi na moja kwenye bekapu iliyokuwa ikijiandikia kila usiku bila kosa. Siku tuliyoihitaji ilikuwa na majina ya mafaili na hakuna kitu ndani. Nayakumbuka majina hayo mpaka leo.

Ukitaka bcachefs, chukua diski yoyote ya ziada, weka nakala ya vitu ulivyo navyo kwingine, ucheze nayo.

---

Nyuki_Mweusi, 18 Januari 2024

Nimekuelewa Kitasa, ila mimi nabaki nayo kwenye kila kitu. Bila watu wa kuitumia haitakomaa kamwe.

---

Kitasa, 18 Januari 2024

Hilo ni kweli, na nakuheshimu kwa hilo. Weka bekapu tu.

---

Mtunza_Picha, 4 Februari 2024

Nimemaliza. Btrfs, diski mbili, cheksamu za mafaili yote zimelingana baada ya kurudisha. Mafaili mawili ya baada ya 2019 jpeginfo imeyakamata, moja nimepata chanzo kwenye simu ya mke wangu, jingine ni picha ya keki, nimeiacha kama ilivyo. Diski ya ziada nimeiwekea bcachefs kama ulivyosema. Kile kipande cha RAM nimekivunja kabisa ili kisije kikaingia kwenye mashine ya mtu mwingine.

---

Nyuki_Mweusi, 9 Desemba 2025

Wakuu, naufufua uzi huu kwa unyenyekevu. Nimesasisha mfumo wangu, kerneli imekuwa 6.18, na sasa:

```
mount: unknown filesystem type 'bcachefs'
```

Data yote iko humo. Bekapu ya mwisho ni ya Agosti. Nifanye nini?

---

Mtunza_Picha, 9 Desemba 2025

Ndugu yangu, tulia, yamenikuta hayohayo juzi kwenye diski yangu ya majaribio. Data yako ipo, haijaguswa. Kilichoondoka ni msimbo wa kuisomea. Kerneli 6.17 waliiandika bcachefs kuwa inatunzwa nje, na 6.18 iliyotoka mwisho wa Novemba wameiondoa kabisa. Ni mvutano wa muda mrefu: Overstreet alikuwa akituma vitu vipya katika wiki ambazo Linus Torvalds, mkuu wa kerneli, hupokea marekebisho ya makosa tu, na mwezi Juni Linus akasema wazi kwamba wataachana.

Mimi nilichofanya: kwenye menyu ya kuwashia nilichagua kerneli iliyotangulia, 6.17, bado ilikuwa imesakinishwa. Ikapanda mara moja. Nikanakili kila kitu nje, nikakagua cheksamu, ndipo nikaanza kufikiria la kufuata. Zuia kidhibiti chako cha vifurushi kisiifute hiyo kerneli ya zamani, fanya hilo kabla ya kitu kingine chochote.

---

Kitasa, 9 Desemba 2025

Mfuate Mtunza_Picha neno kwa neno. Panda na 6.17, kwa kusoma tu, toa bekapu kwanza. Usiendeshe fsck, amri ya kukarabati mfumo wa faili, hakuna kilichovunjika.

Baada ya hapo una njia mbili. Mradi wenyewe unaendelea, na unatoa moduli kwa DKMS, utaratibu wa kuijenga moduli kwa kila kerneli, kwa hiyo unaweza kubaki nayo kwenye 6.18. Itabidi moduli ijengwe upya kila kerneli inapobadilika, kama wenzetu wa ZFS wanavyoishi miaka yote. Siku moja itagoma kujengwa usiku ambao ulisasisha bila kutazama, kwa hiyo daima acha kerneli moja ya nyuma inayofanya kazi. Au hamia kwingine. Mimi sikulazimishi. Msimbo wake haujawa mbovu kwa kutolewa, uliokosekana ni ule ulinzi wa kujua kwamba kerneli yoyote utakayoiwasha itaisoma diski yako.

Niambie ikipanda. Niko macho.

---

Nyuki_Mweusi, 9 Desemba 2025

Imepanda. Nanakili sasa. Imefika gigabaiti 212 kati ya 1,340, hakuna kosa hata moja.

---

Mtunza_Picha, 10 Desemba 2025

Wakati unasubiri, nami nimeendesha scrub ya mwezi. Ile kebo ya diski ya pili niliyokuwa nikiihofia ilileta makosa matatu ya cheksamu mwezi Oktoba, Btrfs ikayaponya yote kutoka diski ya kwanza, nikabadilisha kebo. Jana: 0. Bibi na mama wako salama.